Majua Matatu Juu ya Kilima

Katika mji ule, mjane alitoka eda ya mwaka mzima kwa kulitazama jua likichomoza, wifi yake akiwa shahidi, ndipo akavua kaniki ya msiba. Asubuhi ya Mwanahawa kutoka eda ilikuwa ya baridi kali. Alisimama kibarazani, akainua macho, na juu ya kilima akaona majua matatu: moja kubwa katikati, na mengine madogo yamelisindikiza kushoto na kulia.

“Hilo silo jua la kutolea eda,” alisema Chausiku, wifi yake, akijikunyata ndani ya shuka. “Rudi ndani. Utakaa mwaka mwingine.”

Mwanahawa aligeuza shingo. Nyuma yake, chumba alichofungiwa mwaka mzima kilikuwa wazi kikimsubiri.

“Wifi, niliambiwa nitazame jua. Nimezidishiwa, ndiyo mnirudishe?”

“Usinichekeshe. Na kama umetazama la uongo?”

“Basi nionyeshe la uongo ni lipi.”

Chausiku alikodoa macho hadi yakamtoka machozi. Alinyoosha kidole kushoto, akakirudisha, akakipeleka kulia, akasita.

Mwanahawa alifungua fundo. Kaniki ikaanguka kizingitini, akashuka barabarani na gauni lake la maua. Alipogeuka, Chausiku alikuwa bado amesimama palepale, kidole hewani, uso umemulikwa wote.