Anayemimina Huanza Yeye

Bi Saumu hakuwahi kuamini kitu cha bure, na Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, ilikuwa ya bure. Kwa hiyo seva, kompyuta kuu ya ghala lake la vitambaa, ilipokufa, aliwaita watu wawili kwa pamoja: Sudi, fundi wa mtaani aliyeisifia hiyo Linux, na Bwana Mrisho, wakala wa programu ya kulipia leseni kila mwaka.

Aliwamiminia kahawa. Kwa desturi ya kwao, anayemimina huanza yeye kunywa, mgeni aone haina sumu. Akapiga funda moja, kisha akamgeukia Sudi.

"Cha bure ni ghali. Nani anailipia?"

"Wanaoitengeneza ni wengi, mama, na wenyewe wanaitumia. Mimi utanilipa kazi yangu tu."

Bwana Mrisho akacheka. "Biashara haikabidhiwi watu wasiojulikana, mama."

Neno hilo lilimwingia Bi Saumu. Alikuwa karibu kumpa Bwana Mrisho mkono wa makubaliano, ila macho yake yakaangukia birika.

"Na nyinyi huko ofisini kwenu," aliuliza taratibu, "seva yenu inatumia nini?"

Bwana Mrisho akaigusa tai yake. "Hayo ni mambo ya mafundi, mama."

"Linux," alisema Sudi. "Niliwawekea mimi."

Bwana Mrisho hakukana. Kikombe cha Sudi kilikuwa kitupu. Cha Bwana Mrisho kilikuwa kimejaa vilevile, kahawa imeshapoa.

Bi Saumu alikisukuma kwa kidole mpaka kikamfikia Bwana Mrisho mkononi, akangoja anywe.