Hodi ya Tatu

Simu ililia tena. Mama, aliyekuwa akikaa eda ya Baba, akaufumbata upindo wa kanga yake.

"Ni yule tena, Mwanakombo?"

Ni yule.

"Binti, nipe mzee," akasema yule wakala wa bima, bila hata salamu. "Leo lazima achukue bima ya maisha."

Siku nne namjibu hayupo, naye haniulizi yuko wapi. Mimi mbele ya watu sauti hunikauka. Hata darasani jina langu nalitaja kwa kunong'ona. Lakini Mama alikuwa akijifuta macho.

"Umeingia kwetu bila hodi," nikamwambia. "Toka nje, ubishe."

Nikakata.

Ikalia papo hapo. Nilipoinua mkono wa simu, alikuwa anacheka.

"Haya, bimkubwa. Hodi!"

Kidole changu kilikuwa juu ya kikufuli kidogo ambacho Baba alifungia duara la kupigia simu, baridi kama barafu.

"Hodi jamani?" Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mama akainua uso, akanitazama. Kwetu hodi ni tatu. Usipokaribishwa, unarudi ulikotoka.

Kikufuli kilikuwa kimeshapata joto.

"Hodi," akasema, safari hii kwa sauti ndogo kama yangu.