Taa za Njano za Rutaihwa

"Nataka gari lisijulikane," Rutaihwa alimwambia fundi.

Omary, fundi umeme wa magari pale Bukoba mjini, alichomoa kichwa chini ya boneti. Wateja wake humwomba mwanga mkali, mwanga wa mbali, mwanga usiokula betri. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka kujificha kwa kuwasha taa.

"Umeliiba, kaka?"

"Ningekuwa mwizi nisingeiba hili."

Na kweli. Ilikuwa Landrova kuukuu, inayopanda kilima chochote mradi usiiharakishe, na mbele ilikuwa na taa mbili za njano zilizochoka, kama macho ya mgonjwa wa manjano. Kutoka Bukoba hadi Muleba hapakuwa na asiyezijua. Kazi ya kuzitangaza aliifanya mama yake, Ma Kokubanza. Kila mwenye mgonjwa, mkungu wa ndizi au gunia la kahawa alipewa maelekezo yaleyale: "Ukiona taa za njano, nyoosha mkono. Huyo nimemzaa mimi, atasimama."

Naye alisimama. Kwao Izigo hakuna anayenunua gari peke yake. Unalipa wewe, wanapanda wote. Jirani yake Byabato, mwenye pikapu ya taa moja, aliishi hivyohivyo, ila Byabato hakuwa na mke wala pa kuwahi. Wiki iliyopita tu Rutaihwa aliondoka Bukoba mchana, akafika nyumbani giza limeingia, amebeba mbuzi, kitanda cha chuma na mchumba wa mtu.

Hayo yote aliyavumilia. Lililomshinda lilikuwa la mwaka juzi. Mkewe, Joanitha, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na Rutaihwa akakawia njiani akipakia kahawa ya watu. Walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshakufa. Wenye magunia walikuja wote msibani, wakalia kwa dhati. Hakumlaumu hata mmoja. Aliona aibu tu, na aibu hiyo ilikuwa bado inamla.

Sasa Joanitha alikuwa na mimba nyingine, imefikisha miezi yake, na Rutaihwa alikuwa amemwahidi: safari hii ukiniita, sisimami kwa mtu yeyote.

Omary alikaza skrubu ya mwisho, akawasha. Taa mpya za LED zilimwaga mwanga mweupe, na muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara akaigeuza meza yake.

"Ukipita hapa kesho," alisema Omary, "nitakusalimia kwa Kiingereza."

Simu ya Rutaihwa ikalia. Alikuwa Joanitha.

"Uchungu umeanza, niko na mama yako," alisema.

"Nakuja."

Akakata simu, kisha akaizima kabisa. Alijua kwamba habari za gari linalotoka Bukoba hufika Izigo kabla ya gari lenyewe, na nusu ya wilaya ilikuwa na namba yake.

Mvua ilimpokea Kemondo, giza likamkuta Muhutwe. Watu walikuwa barabarani kama kawaida, na mizigo yao kama kawaida. Walizitazama zile taa, wakadhani ni gari la mradi fulani, wakarudisha mikono mifukoni. Hakuna aliyeita jina lake. Kwa mara ya kwanza tangu anunue gari, Rutaihwa aliendesha kama mtu asiye na ndugu, na lazima isemwe kwamba alifurahi.

Karibu na Izigo kuna ghala la kahawa, na kwenye baraza la ghala hilo hakukosekani mtu wa kubebwa. Mwanamke mmoja alitoka barazani akasimama kwenye mvua, akipunga mkono. Mwanga ulipompiga alijifunika uso kwa kitenge, lakini mkono hakuushusha. Mguu wa Rutaihwa ulikwenda wenyewe kwenye breki, kwa mazoea. Akauondoa.

"Samahani, mama," alisema, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa, akampita.

Alikata kona, akashuka hadi kwenye kibanja chake, akapiga honi. Hakutoka mtu. Mlango ulikuwa na kufuli. Akazunguka nyumba, akaita jikoni, akaita migombani, akakimbia hadi kwa jirani mwingine, ambaye alijua tu kwamba wametoka. Akaiwasha simu. Mtandao uligoma, ukagoma tena. Akakaa kizingitini, ameloa. Alikuwa hajasimama kwa mtu yeyote, na bado alikuwa amechelewa.

Hatimaye simu ikalia. Alikuwa mama yake.

"Tulia, mwanangu. Tunaingia hospitali ya Muleba sasa hivi. Mtoto hakutusubiri, kazaliwa njiani. Wa kike. Yeye mzima, na mama yake mzima."

Rutaihwa akalia. Ma Kokubanza alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Nani amewabeba, Ma?"

"Byabato, Mungu ampe maisha, na ile taa yake moja. Tulikata njia ya mkato na mkeo, tukusubiri pale ghalani, usipoteze muda kushuka nyumbani. Nikajua taa zako nitaziona toka mbali." Kisha sauti yake ikabadilika. "Kabla ya Byabato lilipita jingine, taa nyeupe kama mchana. Nililipungia, mkeo analia nyuma yangu. Likapunguza mwendo, likaniona, likaondoka. Waitu, mwanangu, mwenye gari lile sijui kazaliwa na nani."