Jina Linalodaiwa

Mtoto alianza tena. Mara tu jiko lilipoingizwa ndani, akaangua kilio kama mtu anayefinywa.

Asenath alimnyanyua, akatoka naye nje. Kimya. Akarudi naye ndani. Kilio.

"Unaona, mama?" alimwambia mama mkwe wake. "Nje yuko sawa. Kuna kitu ndani ya nyumba hii."

Mama Nalianya alikuwa ameshuka basi la kutoka Bungoma asubuhi hiyo kwa ajili ya jambo hilo hilo. Mtoto mchanga halii hivyo bure. Kuna mtu wa ukoo, marehemu, anayedai jina lake lirudi. Ukimwita mwingine, mtoto analia. Ukimwita mwenyewe, ananyamaza. Hilo Mbukusu hafundishwi na mtu.

Asenath alikuwa anaogopa, tena sana. Wa kwanza alimzika kabla hajaota jino. Huyu wa pili hakuwa tayari kumtoa kwa mzimu wala kwa nani.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, hapo mtaa wa Mbotela jijini, na baridi ya Julai haina adabu. Ilipenya kwenye vitundu vya hewa juu ya dirisha mpaka Asenath akaviziba kwa gunia. Jiko nalo hakulifanyia mzaha. Aliliwasha nje, akalipepea mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu pyu, ndipo akaliingiza. Mtoto havutishwi moshi, nani asiyejua? Hata hivyo, kila alasiri akikaa humo kichwa kilimgonga na magoti yakalegea. Mzimu una uzito, jamani!

"Na kama ni Simiyu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama Nalianya alikitazama kitanda. Simiyu alikuwa kitinda mimba wake, na chumba hiki kilikuwa chake kabla ya kaka yake, mume wa Asenath, kukirithi. Julai iliyopita alilala humu mzima wa afya, asubuhi hakuamka. Hakuwa na homa wala jeraha. Watu wakasema amerogwa.

"Alikufa bila mtoto," mama mtu alisema. "Jina kama hilo linaogopwa. Tuanze na wazee."

Akamlaza mtoto kitandani, akamfunika vizuri. "Tumwache nao. Sisi tuite tukiwa nje. Na ufunge mlango, joto lisitoke."

Wakasimama kizingitini.

"Wanyonyi!" aliita bibi. Kilio. Kila jina waliliacha lipoe kabla ya kuita lingine, maana marehemu hawakimbizwi.

"Masinde!" Kilio kikazidi.

Wakaita wa upande wa baba, wakaita wa upande wa mama, wakarudia wale wakali wasije wakakasirika. Mikono ya Asenath ilikufa ganzi kwa baridi.

"Nabiswa!"

Mtoto alilia, ila sasa kwa sauti nyembamba, iliyochoka.

"Anaanza kusikiliza," bibi alinong'ona. Machozi yalikuwa yamemjaa. Akaweka kiganja mlangoni. "Simiyu. Mwanangu. Ni wewe?"

Kimya.

Wakangoja. Kimya kile kile.

"Amekubali!" Bibi alipiga kigelegele, mtaa ukasikia. Waruguru, jirani wa mlango wa pili, akatoka na unga mikononi.

"Amenyamaza kweli?"

"Amenyamaza! Mwanangu amerudi nyumbani, jamani, amerudi!" Waruguru naye akapiga vigelegele, mambo ya Wabukusu hayajui, lakini furaha anaijua.

Asenath alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akasukuma mlango, akamchukua mtoto, akaketi naye kitandani. Alikuwa na joto zuri, mashavu yamemwiva.

"Simiyu wangu," alisema, "njoo unyonye sasa."

Akamtia titi mdomoni. Huko nje bibi alikuwa bado anamwita mwanawe kwa jina, tena na tena. Asenath akalibonyeza titi kidogo. Maziwa yakajaa mdomoni mwa mtoto, yakamwagika pembeni, yakateremka shingoni.