Mlango wa Jiwe wa Kakakuona

Palikuwa na Kakakuona mmoja mpole, ambaye shimo lake lilifungwa kwa mlango wa jiwe. Majirani wote walikuwa na milango ya mbao. Siku moja Nungunungu, fundi wa milango yote, akampigia hodi.

"Ndugu yangu, kuanzia leo milango ya mawe siitengenezi tena. Mmebaki wachache."

"Na mlango wangu ukikwama, Fisi akanikuta nje?"

"Basi weka wa mbao kama wenye akili zao. Nakutakia mema tu."

Kakakuona aliumia moyoni. Wiki nzima alilichonga jiwe lake mwenyewe, akakosea, akarudia, mpaka likaviringika kwa ukucha mmoja.

Masika yalipoanza, mchwa wakavamia. Wakala mlango wa Sungura, wakala wa Ngiri, wakamalizia na wa fundi mwenyewe. Nungunungu akaja mbio, huku Fisi ameshaanza kucheka kilimani.

"Shikamoo, mzee Kakakuona! Nifundishe kazi ya mawe, leo hii!"

"Nitakufundisha, fundi," akajibu Kakakuona, mdomo umemjaa mchwa. "Ila ngoja kwanza nishibe. Milango yenu imeniletea karamu."