Swali Lililorudi Ubaoni

Kanisani kwao, aliyetengwa na ushirika huandikwa jina ubaoni mbele ya wazee, naye mwenyewe akitazama. Asubuhi hiyo Elkana, karani wa kanisa, alitakiwa kumwandika bintiye Damari, aliyepata mimba kabla ya ndoa.

Ubaoni mwalimu wa watoto alikuwa ameacha swali ambalo Yesu, baada ya kuandika mavumbini kwa kidole, alimwuliza mwanamke mzinzi: "Wanaokushtaki wako wapi?" Elkana akalifuta kwa kitambaa chenye maji. Ubao ukawa mweusi tii. Ulipokauka, swali likarudi.

"Ni chaki tu, Baba," Damari alisema taratibu kutoka mlangoni. "Ukifuta kwa maji hurudi."

Elkana akafuta tena, akikaza mkono. Nyuma yake benchi likalia, mzee mmoja akatoka. Swali likarudi. Benchi likalia tena. Safari ya tatu akalisugua kavu kwa mkono wa koti lake, vumbi jeupe likamwagika sakafuni. Akainua chaki aandike, asisikie hata mtu kukohoa.

Akageuka. Mabenchi yote yalikuwa matupu. Damari alibaki pale pale mlangoni, akikodolea macho miguu ya baba yake.

Katika lile vumbi palikuwa na mstari wa kidole, nao ulikuwa bado unasogea.