Donge Moja la Hester

Jabez Entwistle alibisha mlango wa sita asubuhi ile, matope yamempanda hadi magotini, utepe mwekundu mfukoni. Kitanda chake cha kufumia kilimeza uzi wa wanawake sita, na mfumaji aliyekuja bila kizawadi alirudi mikono mitupu.

Hester alikuwa wa mwisho katika mzunguko wake, na mzito wa kusokota kuliko wote. Kutwa nzima, donge moja la uzi.

"Moja tu tena?"

"Pamba ilikuwa mbishi. Njoo kesho."

"Hata jana ulisema njoo kesho."

"Na umekuja. Sasa unalalamika nini?"

Kitu kilinguruma darini, kikanyamaza. "Paka huyo," Hester alisema upesi, akiupokea utepe.

Mama yake alipita na kikapu kilichofunikwa, mgongo umempinda kwa uzito. Alikuwa anapeleka mayai sokoni Blackburn. Jabez alimpisha kwa adabu, wala hakujiuliza kuku wawili wa pale uani walitagaje mzigo ule. Mtu aliyependa hana macho.

Naye alipenda, maskini, ila ulimi ulikuwa mzito. Kwa siri alikuwa amemwagiza seremala mtambo mpya wa kusokotea: gurudumu moja, nyuzi nane kwa mpigo. Wanawake wa kijiji walikuwa wameapa kuvunjavunja mtambo wowote wa aina hiyo watakaouona, wakihofia utawanyima kazi, lakini hilo halikumtisha. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba Hester akishaupata, uzi utajaa, na yeye hatakuwa na sababu ya kubisha mlango ule kila siku. Ilibidi aseme siku hiyohiyo ya kuuleta, au asiseme tena.

Jumatatu aliuleta kwa mkokoteni, umefunikwa nyasi.

"Ni wako," alisema, jasho likimtoka. "Hata ukinikataa. Lakini ukikubali kuolewa na mimi..."

Hester aliketi. Kabla Jabez hajamwelekeza, mkono wa kulia ulikuwa umeshika gurudumu, wa kushoto unavuta, na nyuzi nane zikatiririka bila hata mmoja kukatika.

"Mimi nilishakubali tangu mwaka juzi," alisema. "Nimechoka kukungoja, Jabez."

Kichwa cha mama yake kikachungulia kutoka darini, nywele zimejaa pamba.

"Amesema? Afadhali! Haya, mtambo wetu umeshajaza dari; huo wa pili tutauweka wapi?"